Betri Isihukumiwe Bila Kupimwa



Ukurasa huu umezoea kuzungumza habari za mishahara, likizo na mikataba. Leo naomba nafasi niseme juu ya gari lisilowaka asubuhi. Najua ndugu mmoja atauliza, chama cha wafanyakazi kina habari gani na betri ya gari? Jibu langu ni fupi. Fedha inayomtoka mfanyakazi kwa kubahatisha ni fedha ileile tuliyoipigania mezani mbele ya mwajiri. Tukipata nyongeza mwezi wa Januari, na mwezi wa Machi ikaishia dukani kwa spea isiyohitajika, tumeshinda nini?

Hapa Kibuli, kuanzia chini ya kilima chenye msikiti hadi kule tunakopakana na Namuwongo na eneo la viwanda, wafanyakazi wenye magari wapo. Si magari ya fahari. Ni Toyota Corona, Corolla na Carina za miaka ya tisini, zilizokuja kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika. Ndugu wawili au watatu huchanga, au mmoja hukopa katika chama cha akiba na mikopo. Jioni na Jumapili gari hubeba abiria, na kipato kile husaidia karo na kodi ya nyumba. Kule mashambani, kwenye miwa na majani ya chai, gari la namna hiyo huwa ndilo gari la wagonjwa la kambi nzima. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, hakuna anayeuliza gari ni la mwaka gani. Watu huuliza kama litawaka.

Mwaka 2018 Uganda ilibadili sheria ya usalama barabarani ikazuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Lakini yale yaliyokwisha kuingia yamebaki, na kila mwaka yanazeeka pamoja nasi. Basi ni juu yetu kuyajua.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Unazungusha ufunguo, stata inalia tk-tk-tk kisha kimya. Magari mengi ya siku hizi ni ya gia za kujibadili zenyewe, hata kusukuma hakusaidii. Anaitwa makanika. Anafungua boneti, anatazama, anagonga vichwa vya betri kwa spana, anasema: "Betri imekufa." Hakupima kitu. Unakwenda kununua betri mpya kwa fedha ambayo kwa wengi wetu ni kazi ya wiki nyingi. Gari linawaka, watu wanashangilia. Wiki tatu hazijapita, asubuhi moja, tk-tk-tk ileile. Makanika anasema: "Betri za siku hizi ni mbovu." Unaambiwa ununue nyingine.

Ndugu zangu, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na amsikilize kabla ya kumfukuza kwa kosa au kwa kazi mbaya. Tuliililia haki hiyo na tunaitumia kila wiki. Mwajiri akisema "huyu mvivu, aende," tunamwuliza: ushahidi uko wapi? Mbona basi sisi wenyewe tukifika kwenye boneti tunakubali betri ifukuzwe bila ushahidi? Mimi nasema betri isihukumiwe bila kupimwa. Na asiyepima asilipwe kama aliyepima.

Ili tuelewane, nieleze kwanza kazi ya kila mmoja ndani ya gari. Betri ni ghala. Haizalishi umeme; inatunza tu ule ulioletwa. Mkulima ni alteneta, ile mashine ya duara inayozungushwa na mkanda wa injini. Injini ikiwaka, alteneta ndiyo inayolisha taa, feni, redio na plagi, na kinachobaki inakipeleka ghalani. Waya ndizo barabara za kupeleka mavuno. Na usiku, watu wakilala, huenda yupo mwizi, yaani kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Ghala likionekana tupu, makosa yaweza kuwa ya mmojawapo kati ya hawa wanne: ghala lenyewe linavuja, mkulima halimi, barabara imekatika, au kuna mwizi. Kununua betri mpya ni kujenga ghala jipya. Kama mkulima halimi, ghala jipya nalo litakuwa tupu.

Kupima kunahitaji kifaa kimoja, mita ya umeme ya mkononi yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Mita ya kawaida ni ya bei ndogo sana ukiilinganisha na betri. Aliyesoma hadi darasa la saba anaweza kuitumia, maana ni kusoma namba tu.

La kwanza, pima ghala. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, weka mita kwenye volti za betri, waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye hasi. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu. Ikisoma 12.2, ni nusu. Ikisoma 12.0, imebaki kidogo sana. Usipime mara baada ya kusimamisha gari, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa husoma juu kuliko ukweli wake. Iache ipumzike saa kadhaa.

Kisha mwambie mwenzako azungushe stata huku wewe ukitazama mita. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya volti 9.6 hivi. Ikiwa ilisoma 12.6 ikiwa imepumzika, na stata ikiishusha hadi 7 au 8, hapo betri imejishitaki yenyewe. Lakini kama ilikuwa 11.8 tangu mwanzo, hujathibitisha kitu. Ghala tupu si ghala bovu. Ipeleke ikachajiwe polepole kwa mashine, kisha uipime tena. Na uangalie vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme. Betri nyingi zilizoitwa maiti zilikuwa na vichwa vilivyolegea au vichafu tu.

La pili, mpime mkulima. Washa injini, iache itulie, upime palepale kwenye betri. Mita yapasa kupanda hadi volti 13.8 au 14.4 hivi. Sasa washa taa za mbele na feni, uongeze mafuta kidogo. Ikibaki juu ya 13.5, mkulima anafanya kazi. Ikiwa mita inasoma 12 na kitu na inazidi kushuka, alteneta haileti kitu, hata ukinunua betri kumi. Na ikipita volti 15, hilo nalo ni kosa: kidhibiti cha alteneta kimeharibika, betri inachemshwa, maji yake yanakauka na balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Katika hali hiyo betri inauawa na mkulima mwenyewe, na mwenye gari anamlaumu mwenye duka.

Kabla hujaitoa alteneta, tazama mambo mawili mepesi. Tazama mkanda. Mkanda uliolegea au uliong'aa kama kioo huteleza, hasa ukiwasha taa, na mara nyingi hupiga kelele. Kuukaza au kuubadili ni kazi ndogo. Halafu tazama taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawaka, taa hiyo lazima iwake. Injini ikiwaka, izimike. Ikiwa haiwaki kabisa, usifurahi. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita katika balbu ile ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi. Balbu ikiungua, alteneta nzima hulala usingizi, na watu huinunulia mwenzake. Fikiria, ndugu, alteneta kubadilishwa kwa sababu ya balbu ndogo kama punje ya hindi!

Ikiwa mkanda ni mzima na balbu ni nzima, ndipo alteneta ifunguliwe. Hata hapo si lazima itupwe. Mara nyingi kilichokwisha ni brashi zake za kaboni, vipande viwili vidogo vinavyosuguliwa kila siku, au kidhibiti peke yake. Mafundi wa Katwe na wauzaji wa Soko la Kisekka wanavijua vitu hivi. Uliza kama kinaweza kutengenezwa kabla ya kuuliza bei ya kingine.

La tatu, pima barabara. Huenda alteneta inatoa volti 14.2, lakini betri inapokea 13.0 tu. Zile nyingine zimepotelea njiani. Injini ikiwaka na taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na nyingine kwenye skrubu kubwa ya kutolea umeme nyuma ya alteneta. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, kuna waya uliooza, skrubu iliyolegea au fyuzi kuu iliyochoka. Fanya vivyo hivyo kati ya kichwa cha hasi na chuma cha mwili wa alteneta. Hapo isizidi 0.2. Waya wa hasi unaofungwa kwenye injini hushika kutu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeukumbuka. Ukiwa katika kazi hii, chunga mikono na mikono ya shati isikaribie mkanda na feni. Injini haijui huruma.

La nne, mtafute mwizi. Gari linawaka vizuri kila siku, lakini likikaa siku tatu haliwaki. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi wa betri, halafu iweke mita kwenye kipimo cha ampia na uiunganishe kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usijaribu kuwasha injini hapo, utaunguza mita. Kwa gari la zamani, yapasa isome chini ya ampia 0.05. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Ile itakayoishusha ndiyo inayoonyesha njia aliyopita mwizi. Mara nyingi ni taa ya buti isiyozimika. Balbu ya wati 5 hula karibu ampia 0.4. Kwa siku nzima ya saa 24 ni karibu ampia-saa 10, na betri ndogo ya ampia-saa 40 itakuwa imekauka kwa siku nne. Wakati mwingine mwizi ni redio kubwa au kengele ya wezi yenyewe iliyofungwa vibaya. Na ikiwa fyuzi zote zimechomolewa na mita bado inasoma, fungua waya mkubwa wa alteneta na uutenge usiguse chuma. Dayodi zake zikiharibika huruhusu umeme kurudi nyuma usiku kucha.

Yupo pia mwizi wa mchana ambaye si kosa la gari. Ni foleni. Injini ikiwa katika mzunguko wa chini, alteneta hutoa kidogo. Dereva aliyekwama saa nzima Barabara ya Jinja akiwa na taa, feni na muziki mkubwa anatumia mavuno yote njiani, na pengine anachota ghalani. Gari la safari fupi za usiku halina budi kupunguziwa matumizi au kuchajiwa mara kwa mara.

Sasa niseme juu ya desturi moja mbaya. Wapo mafundi ambao, injini ikiwa inawaka, hufungua kichwa cha betri ili waone kama gari litazima. Lisipozima wanasema alteneta ni nzima. Desturi hii ilitoka katika zama za dainamo, kabla alteneta hazijaenea katika miaka ya sitini. Kwa alteneta ni hatari. Betri ikiondolewa ghafla, volti huruka juu na inaweza kuunguza kidhibiti, dayodi na hata kompyuta ya injini. Mtu anaingia na hasara ya waya mmoja, anatoka na hasara tatu. Fundi akinyoosha mkono kwenye kichwa cha betri injini ikiwaka, mshike mkono kwa adabu, mwambie: "Ndugu, tupime kwa mita."

Usije ukadhani nawashambulia mafundi. Nao ni wafanyakazi, wengi hawana mkataba, hawana likizo wala matibabu, wanalala chini ya magari kwenye matope. Tujiulize kwa nini wanabahatisha. Nasi tuna sehemu yetu. Makanika akisema, "Nipe fedha kidogo nipime kwa nusu saa," tunamcheka: kupima ni kazi gani? Lakini akisema, "Lete fedha ya betri," tunakimbia kukopa. Tumemfundisha kwamba akili yake haina malipo na spea tu ndiyo yenye malipo. Kwa hiyo anauza spea. Mtu anayelipwa kwa kipande atatoa vipande. Wachumaji wa chai wanalijua jambo hili kuliko mimi. Tukitaka ukweli, tuulipie ukweli. Mapatano yawe mapema: hii ni fedha ya kupima, nionyeshe namba kwenye mita, halafu tuzungumze spea.

Kuna sababu nyingine ya kutotupa betri ovyo, nayo inatuhusu sisi wa viwandani zaidi ya wengine wote. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, na ndani yake mna tindikali kali. Betri uliyoiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu haipotei. Inakwenda mahali ikavunjwe na kuyeyushwa, na anayeivunja ni mfanyakazi kama wewe. Kule Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri za zamani. Moshi na maji machafu yake viliwadhuru wafanyakazi na wakazi, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa pale, Phyllis Omido, aliyegundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana sumu hiyo, alisimama na wenzake hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda juu, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha hukumu hiyo.

Kila betri nzima iliyohukumiwa bure inaongeza mzigo katika tanuru la namna ile. Kwa hiyo betri iliyokufa kweli irudishwe kwa muuzaji anayezipokea, isivunjwe uani, tindikali yake isimwagwe mtaroni wanakocheza watoto. Na anayeishughulikia betri nzima akumbuke: inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, basi sigara na cheche zikae mbali. Afungue waya wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho. Ikipungua maji, iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba, wala si tindikali. Tindikali ikiruka jichoni au kwenye ngozi, osha kwa maji mengi bila kukawia, kisha uende hospitali.

Nini basi kifanyike? Natoa mapendekezo matatu kwa matawi yetu. Kwanza, kila tawi linunue mita moja kwa fedha ya tawi, ikae kwa katibu, na mwanachama aiazime kwa kuandika jina. Pili, Jumapili moja katika kila miezi mitatu, fundi anayejua kupima aalikwe na alipwe, aonyeshe vipimo hivi vinne hadharani, wanawake kwa wanaume, wenye magari na wasio nayo. Ujuzi huohuo utawafaa wenye betri za sola majumbani na wenye pikipiki. Tatu, chama cha akiba na mikopo kisitoe mkopo wa betri au alteneta kabla mwombaji hajaleta karatasi yenye namba: betri ikiwa imepumzika imesoma ngapi, stata ikizunguka imesoma ngapi, na injini ikiwaka imesoma ngapi. Namba hizo tatu zinatosha kuokoa mikopo mingi.

Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi baadaye hakikuguswa. Tutaendelea kupigania kingine. Lakini wakati tunapigania kinachoingia, tulinde kinachotoka. Mwajiri tunamdai ushahidi. Serikali tunaidai ushahidi. Na boneti ikifunguliwa tudai ushahidi vilevile.

Pima kwanza, nunua baadaye.

Umoja ni nguvu.